Daraja Nyuma ya Nyumba ya Sikuzani

Sikuzani alizaliwa mtaa wa Buyenzi, akaolewa Buyenzi, na nyumba yake ya matofali mabichi ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya korongo la mto Ntahangwa. Zamani haikuwa ya mwisho. Nyuma yake kulikuwa na nyumba tatu na kibanda ambamo mumewe, Khaled, alitengeneza masanduku ya bati. Mvua ilipokata ukingo, nyumba hizo zilikwenda na maji, na kibanda nacho, Khaled akiwa ndani. Maiti haikuonekana. Tangu hapo, kila alasiri Sikuzani alisikia nyundo nyuma ya nyumba: ko, ko, kisha kimya. Naye aliitikia taratibu, "Kazi njema, bwana yangu." Alikataa kukaa eda. Eda ni ya mtu aliyekufa.

Mwaka wa tatu akaja injinia, Adélaïde, na picha ya daraja la waenda kwa miguu: chuma cheupe, nyaya ndefu, taa. Watu wa mtaa wakakutana naye uani kwa Sikuzani, maana nguzo moja ingesimama nyuma ya jiko lake.

"Hii mtaa ni ya wazee wetu," alisema Sulemani, fundi wa magari. "Hiyo kitu itakaa hapa sawa jino ya dhahabu mu kinywa ya masikini."

"Na mutu mwenye anateleza mu mto," akajibu jirani yake Mawazo, "uzuri wa mtaa utamusaidia nini?"

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe Adélaïde akamgeukia mwenye nyumba. "Na wewe, Mama?"

"Mwanangu, mi sikatai daraja. Lakini pale apana chimba. Kuna mutu anafanya kazi."

Watu wakatazama chini. Adélaïde hakucheka. Pale pale kwenye picha aliisogeza nguzo hatua kumi, kuelekea mto unakotoka.

Daraja likaisha, kila mtu akapita, hata Sulemani. Sikuzani alikaa wiki nyingi bila kulikanyaga. Ijumaa moja Mawazo akamshika mkono, wakaenda. Katikati Sikuzani akageuka, na kwa mara ya kwanza akaiona nyumba yake kutoka upande wa mto. Chini yake kulikuwa na pango. Nusu ya sakafu ilining'inia hewani. Bonge la udongo likadondoka, likagonga jiwe: ko. Likafuata lingine.

"Unasikia?" aliuliza.

"Ni udongo, dada."

Sikuzani alishika chuma kwa mikono miwili. Miaka mitatu alikuwa akiusalimu udongo.

Hakulala tena nyumbani humo. Siku hiyohiyo alihamia mtaa wa Musaga kwa binti yake, Soumaya, na alipofika hakutaka chakula. Aliomba maji ya kuoga na chumba chenye mlango.

"Nakaa eda ya baba yako," alisema.

Alikaa miezi minne na siku kumi. Nyumba ilianguka katikati ya siku hizo, tupu. Soumaya alimletea habari mlangoni, na kutoka ndani akamsikia mama yake akilia kama mjane wa jana.