Mafuta ya Hispania

Asubuhi hii kando ya mto, hapa Jinja, mgeni mmoja alijipaka mabegani mafuta ya kukinga jua. Harufu ile ya nazi tamu ikanirudisha uani kwa bibi yetu, Mbale.

Shangazi yetu alikuwa Ulaya, akimtunza mama mzee wa Kizungu ambaye kila majira ya baridi alihamia pwani ya kusini ya Hispania. Mwaka mmoja akaruhusiwa kumwalika mtoto mmoja likizoni. Alimchagua binamu yangu, mimi nikabaki.

Aliporudi, binamu alituonyesha chupa ya njano ya mafuta kama yale.

"Kule watu wanalala kwa mchanga kutwa nzima," alisema. "Wanafuata jua."

"Jua?" Bibi alicheka huku akigeuza maharage mkekani. "Kwani hapa haiko? Waje walale kwa maharage yangu!"

Leo naelewa: mtu wa baridi hulitafuta jua kama sisi tunavyotafuta kivuli. Siku ile niliitaka chupa tu.

Walipoingia ndani kula, niliichukua, nikajipaka uso na mikono, nikalala katikati ya maharage na kufumba macho ili nisikie bahari. Nilisikia kuku.

Kivuli kikanifunika. Binamu alikuwa amesimama, akinusa. Nilingoja apige kelele. Badala yake alichuchumaa, akanimiminia mengine kiganjani.

"Umesahau miguu, dada."

Nikajipaka. Sijawahi kumwonea wivu kama wakati ule: alikuwa amerudi na Hispania ya kutosha hata kugawa.