Sifa za Mutiso Mbele ya Ndugu Yake

Mwanangu, Ijumaa ile tuliyokutana Oud Metha, mtaa wa Dubai, kumlilia Mutiso naikumbuka vizuri. Mwili ulikuwa unasubiri kusafirishwa Machakos. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, nami nilikuwa kijana wa kuosha vioo vya maghorofa. Leo nina kampuni yangu ya usafi, na darasa la sita sikulimaliza. Nakwambia mapema, usije ukadhani haya niliyatoa shuleni.

Mutiso alianguka kutoka jengo moja kule Jumeirah Lake Towers. Sisi wenzake tulijua kwa nini. Alizoea kufungua ndoano ya mkanda wa usalama ili afikie kona ya dirisha upesi. Msimamizi akitokea anaifunga, akiondoka anaifungua, nasi chini tunashangilia, "Paka huyo! Paka!"

Desturi yetu ni kwamba mtu akifia ugenini, mwenzake wa kazi husimama kumsifu. Nilichaguliwa mimi, kwa ajili ya mdomo, maana kalamu sikuwa nayo. Kabla watu hawajajaa nilimwendea Mwalimu Opio, Mganda aliyewahi kufundisha historia kwao, siku hizo akikaa mapokezi ya kliniki moja pale Oud Metha. Nikamwambia nitakavyosema: Mutiso alikuwa simba, hakuogopa urefu, mkanda kwake ulikuwa pambo tu.

Akanikata. "Wewe bwana, unamlilia mtu ama unamuuza?"

"Marehemu hasemwi vibaya, Mwalimu."

"Na mdogo wake je? Si anaanza kazi hiyo hiyo Jumapili?"

 Kioko, mdogo wake Mutiso, alikuwa ametua Dubai juzi juzi tu, na hata kabla ya msiba vijana walishambatiza Paka Mdogo.

Opio akaanza kunieleza habari za Warumi wa kale. Nikamuuliza Warumi na vioo vya Dubai wapi na wapi. Akasema nitulie. Warumi, alisema, walipozika mkubwa wao, walitoa sura za nta za mababu zao, watu wakazivaa na kuandamana nazo kana kwamba wafu wamerudi. Kisha mwana wa marehemu alisimama mbele ya watu akataja matendo yao wote, ili vijana watamani kufanana nao. Kwao historia haikuwa ya kupitishia wakati. Ilikuwa ya kumwonyesha mtu lipi aige na lipi alikimbie, na mwenye cheo aogope watakavyomsema ambao hawajazaliwa.

"Lakini wenye busara wao walilalamika," akasema. "Sifa za mazishini ziliwaharibia historia. Ziliingiza ushindi usiokuwapo na vyeo ambavyo hakuna aliyevishika. Sasa kijana akiiga ushindi usiokuwapo, atakufa katika vita vya kweli."

Mficha maradhi, kilio humfichua; na sisi kilio kilishafika, bado tunaficha.

Watu walipojaa nikasimama mbele yao. Nikasema Mutiso alinifundisha kazi, akanilisha kabla sijapata mshahara wa kwanza. Ni kweli tupu. Kisha nikasema, "Na amekufa kwa sababu ndoano ilikuwa wazi, na sisi tulikuwa tunampigia makofi."

"Khalas, basi! Keti chini, huna adabu!" mmoja akafoka.

"Mwacheni amalize," akasema mama mmoja wa kwaya.

Kioko akaja hadi usoni pangu. Nilidhani atanipiga.

"Mlikuwa mnajua?"

"Tulikuwa tunajua."

"Na mimi mkaniita Paka Mdogo."

Hakunisemesha karibu mwaka mzima. Lakini kila asubuhi kabla ya kushuka na kamba alinigeuzia mgongo, bila salamu, nimkague mkanda.

Mwanangu, ukisimama kusema habari za waliokutangulia, toa wema wao na kosa lao, maana yuko anayesikiliza ili kesho afanye vivyo hivyo. Na ukisikia mtu anasifiwa tu bila doa, uliza kilichoachwa. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini utatiaje maji kama wamekuficha wembe?

Mungu akupe wakubwa wasiokudanganya, akupe na kifua cha kuwasikiliza, na kazi yako iishe ukiwa mzima.