Kidole cha Kupimia Togwa

Harufu ya kimea kinachoanikwa juani haifanani na harufu nyingine ya nafaka. Ni tamu kidogo, ina ubichi wa majani yaliyokatwa asubuhi, na ndani yake kuna kitu kama mkate unaokaribia kuiva. Kwetu Msuka, kaskazini kabisa ya Pemba, harufu hiyo ilitoka uani kwa bibi yangu kila mtama ulipokaribia kuvunwa. Bibi aliloweka uwele, akautia katika pakacha lenye majani ya mgomba, akaufunika mpaka ukaota vimizizi vyeupe, kisha akauanika juu ya jamvi. Ukikauka ulitwangwa na kuchekechwa, na unga huo ndio uliogeuza uji mzito wa mtama kuwa togwa, kinywaji chepesi, kitamu bila chembe ya sukari. Majirani waliotusaidia kuvuna hawakulipwa. Walikuja kwa ujirani, lakini walikuja pia kwa togwa ya Bibi, wala hawakuficha.

Kazi yote ya togwa iko kwenye joto. Uji ukiiva unaepuliwa na kuachwa upoe, lakini si sana. Ukitia kimea uji ungali mkali, kimea kinaungua, na uji unabaki mzito na chapwa hata ukae mpaka jioni. Ukichelewa, utamu unakuja kwa kusuasua na uchachu unauwahi. Kesho yake unatoa povu na kuuma ulimi, na kinywaji kinachouma ulimi hakupewa mtu nyumbani kwetu. Bibi hakuwa na kipimo ila kidole chake cha mwisho. Alikiosha, akakitumbukiza, akasema Bismillahi Rahmani Rahim polepole mpaka mwisho. Kidole kikikimbia kabla hajamaliza, bado. Akimaliza akaona raha tu, amechelewa. Akimaliza na kidole kinaomba kutoka, hapo ndipo kimea hutiwa.

Msimu ninaousema ulikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Bibi alikuwa amekwenda Mtambile kumuuguza binti yake aliyejifungua, akaiacha togwa ya mavuno mikononi mwa Bi Mize, mke mpya wa baba mdogo. Bi Mize alitoka Kojani, kisiwa cha wavuvi, ambako hakuna aliyempikia mwenzake togwa. Alikuwa mrefu, mcheshi, na mwenye haraka. Bibi alimfundisha yote kabla ya kuondoka, hata habari ya kidole, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikimenya muhogo. Nilikuwa mtoto wa haya. Shuleni nilisoma kwa sauti ndogo mpaka mwalimu akalazimika kuja kusimama karibu yangu, na nyumbani nilijibu kwa kichwa kila nilipoweza.

Chungu cha kwanza cha majaribio hakikugeuka. Bi Mize alitia kidole, akasoma Bismillahi yake bila hata kukunja uso, akamimina kimea, akafunika kwa kawa na magunia. Jioni tulikuta uji vilevile, mwiko unasimama ndani yake. Shangazi yangu Bi Time, aliyekaa nyumba ya pili, akaja kuchungulia.

"Wifi, nani mgonjwa humu ndani?"

"Hakuna mgonjwa, wifi. Kwa nini?"

"Naona umepika uji."

Bi Mize alicheka naye. Mara ya pili aliogopa, akaacha chungu kipoe mno, na asubuhi togwa ilikuwa na povu. Tuliwamwagia kuku. Safari hii Bi Time hakutania. Alimwambia baba mdogo, Bi Mize akisikia, kwamba mkono wa mkewe hauna baraka, na kwamba watu wakija shambani wakapewa maji matupu aibu itakuwa ya nyumba nzima. "Bora umrudishe kwao akapumzike," alisema. Baba mdogo alijibu kwamba mwanamke harudishwi kwa ajili ya togwa, lakini alijibu akitazama chini. Kesho yake niliona Bi Mize amefunga nguo zake katika kanga na kuziweka pembeni mwa kitanda.

Siku hiyo ndiyo niliyotazama mikono yake. Alikuwa akiepua chungu cha mchuzi bila kitambaa, amekishika kama mtu anavyoshika kikapu. Kojani alikuwa amepiga makumbi ya nazi na kusokota kamba tangu utotoni, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimekuwa kama kwato. Mchuzi ulimrukia kidoleni na hakuupangusa. Nikajua mara moja kilichokuwa kikiharibu togwa, na sikuwa na shaka hata kidogo. Shida ilikuwa kusema. Nilizunguka kisima mara kadhaa nikijipangia maneno, kisha nikarudi, nikamshika kidole, nikakifinya kwa ukucha wangu kwa nguvu.

"Unaumia, mama?"

"Siumii. Unanichezea nini?"

"Husikii moto," nikasema. "Kidole hakisikii. Tia changu."

Alitazama mkono wake, kisha akakaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi. "Basi niazime," alisema.

Mkesha wa kuvuna tulipika, chungu kikubwa. Niliingiza kidole changu na kukitoa kabla sijafika popote. "Bado." Tukangoja, Bi Mize akikoroga ili joto liwe moja juu na chini. "Bado." Alikwisha kushika bakuli la kimea, na mwenye haraka kama yeye ilimpa taabu kunisikiliza, lakini alinisikiliza. Mara ya tatu nilimaliza Bismillahi huku kidole kikinisihi. "Sasa," nikasema, na nadhani hilo lilikuwa neno la kwanza nililolisema kwa sauti kamili katika nyumba ile. Kabla hatujalala uji ulikuwa umelegea wenyewe, unatiririka kwenye kata, mtamu.

Shambani mwalimu wetu wa chuo cha Kurani ndiye aliyepewa kata ya kwanza, maana yeye akinywa wote walikunywa. Alionja, akainyoosha kata aongezewe. Bi Time alikunywa zaidi ya wote. "Wifi, nani kakupikia?" aliuliza.

"Mkono wangu na kidole cha mwanangu," alijibu Bi Mize, na jioni nguo zake zilirudi sandukuni.

Siku hizi togwa inauzwa dukani katika chupa za plastiki, nyingine imetiwa sukari ili kuficha joto lililokosewa, na mtu akionja anajua. Mimi bado naipika, juu ya jiko la gesi, katika sufuria. Mwanangu ameniletea kipimajoto cha kioo kutoka mjini; kimekaa kabatini. Ila vidole vyangu vimefanya kazi miaka mingi, na mwaka jana niliviona vinanidanganya, nikamwita mjukuu wangu aniazime chake. Huyu hana haya hata kidogo. Nikiinua bakuli la kimea mapema ananikemea mpaka jirani anasikia: "Bado, Bibi, nimesema bado." Naliweka chini, nasubiri.