Rundo la Mawe Njia ya Lalago

Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, kila mwenye mzani Bariadi aligeuka tajiri mtarajiwa, na mimi nikiwemo. Nilikosa ghala tu. Kiwanja ninacho, mawe ya msingi sina. Ndipo nikaliona rundo njia ya Lalago, pembeni mwa shamba la bibi mmoja: mawe ya kushikana, yamepangwa vizuri. Nikayahesabu mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa tamaa.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha sokoni. "Haya mawe unauzaje?"

Akanikagua kuanzia viatu. "Wewe wa wapi?"

"Pwani. Mzaramo."

Lo! Jembe likamponyoka. Akapiga vigelegele, majirani wakaacha palizi wakaja mbio. Dereva wa pikapu niliyoikodi, Msukuma, akaegemea mlango akicheka. "Umekwisha, kaka."

Kumbe lile lilikuwa kaburi, ila halina mtu. Baba wa yule bibi alichukuliwa upagazi vita ya Mjerumani, bibi akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Mwenzake aliyerudi alisema jamaa alikufa kwa kuhara huko Rufiji, kazini, amebeba sanduku la risasi. Ndugu wakazika jembe lake badala ya mwili, wakapanga mawe juu, basi. Lakini matanga hayakuisha, maana hakutokea mtani wa kumtania marehemu, na watani wao ni sisi Wazaramo. Bibi kamngoja Mzaramo maisha yake yote, naye Mzaramo kaja kununua kaburi!

"Kwenu ndiko alikofia," akanibana. "Mlimlaza wapi?"

Utotoni Dar es Salaam tulikuwa tukichungulia makaburi ya wanajeshi: mawe meupe, mistari imenyooka, nyasi zimekatwa kama nywele za bwana harusi. Nilisoma majina, nikarudia. Mpagazi sikumwona hata mmoja, na hao ndio waliobeba vita nzima vichwani.

Basi nikafanya kazi ya mtani. Nikapanda juu ya rundo, nikajilaza chali, mawe yakinichoma mbavu.

"Msukuma gani huyu!" nikapiga kelele. "Kabeba mizigo ya watu mpaka Rufiji, kwake hakuleta hata chumvi! Sitoki hapa mpaka nilipwe ng'ombe!"

Watu hoi kwa kicheko. Bibi akaleta kuku. Nikashuka hadi mbuzi. Akamrudisha kuku kwenye tenga. Hapo nikajua nimekutana na mwenzangu.

"Basi nipe mawe, nitoke."

"Lala tu, baba," akasema kwa upole. "Yuko peke yake tangu vita ya Mjerumani. Atafurahi kupata mwenzake."

Niliruka kama niliyelalia siafu! Dereva akakaa chini barabarani, kashika mbavu. Bibi alicheka mpaka kilemba kikamvuka, kisha kicheko kikageuka kilio, kilio cha msiba kabisa, na wanawake wakakipokea. Alipomaliza akajifuta uso kwa kanga.

"Sasa kazikwa," akasema.

"Na mawe, mayu?" Nilijaribu tena, tabia haina dawa.

Akaokota moja pembeni ya shamba, akanitia mkononi.

"Weka juu," akasema. "Mzaramo naye achangie."

Nikaliweka. Pikapu ikarudi Bariadi tupu, na kuku akapewa dereva.