Mkeka Chini ya Kitanda

Apolline alikuwa hajalala juu ya kitanda tangu Novemba, na hakutaka mtu ajue.

Mama yake, Henriette, Mungu ampe pumziko la milele, alikufa kwa ugonjwa nyumbani kwao katika mtaa wa Katoyi, juma lile lile vita vilipoingia Goma. Katika ukoo wao wa Wanande, uliotoka Butembo, wafiwa hulala chini pamoja, kwenye mikeka, mpaka siku ya kutoa kilio, matanga yanapomalizika. Siku hiyo wananyolewa nywele, wanaoga, mikeka inakunjwa, na kila mtu anarudi kitandani mwake. Lakini kilio cha Mama Henriette hakikutolewa. Mabomu yalianza kulia upande wa uwanja wa ndege, waombolezaji wakatimka, wengine Gisenyi, wengine Sake, sufuria za maharage zikabaki motoni. Waliporudi, turubai la uani lilikuwa limeibwa, na hakuna aliyejua kilio kilichokatika kinaanzwa tena namna gani. Baba yake, Papa Julien, akarudia biashara yake ya Bunagana. Apolline akabaki na mkeka wake.

Chuo kilipofunguliwa mwaka uliofuata, Papa Julien alimpeleka foyer ya Masista, bweni la wasichana, maana hakutaka kumwacha nyumbani peke yake kila anaposafiri. Mkuu wa bweni, Sista Valérie, aliwapokea mlangoni.

“Mutoto amefiwa,” Sista alisema kwa upole. “Nimemuwekea chumba cha mutu mumoja. Huko atalia na kusali bila kusumbuliwa. Lakini akipenda, kuna nafasi kwa Béata, ule wa Masisi. Achague, aniambie kabla ya chakula cha jioni.”

Papa Julien alicheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. “Chumba peke yako! Sasa weye ni ministre, waziri muzima. Tutakuwa tunaomba audience ya kukuona.”

“Acha, Papa.”

“Ndiyo, Excellence.” Akamshika bega, akavaa vizuri kofia yake, akaenda kutafuta gari.

Moyoni Apolline alikuwa ameshachagua. Ndani ya chumba chake mwenyewe angefunga mlango, angetandika mkeka sakafuni, na asubuhi angevuruga shuka za kitandani ili ionekane amezilalia. Wasichana wa bweni wana midomo; wakimkuta chini wangesema ametoka porini. Na kulala juu hakuweza. Alijaribu mara moja, kwa shangazi yake, akaona kama amemwacha Mama chini peke yake. Alishuka kabla usingizi haujafika.

Hata hivyo aliomba aoneshwe vyumba vyote viwili, asije akaonekana anadharau watu. Kile cha mtu mmoja kilikuwa safi, dirisha lake likitazama ukuta wa mawe meusi ya volkano. Alisimama katikati, akapima kwa macho mahali pa mkeka. Palitosha kabisa. Ila kimya cha mle ndani kilikuwa kimya kile kile cha nyumba ya Katoyi, saa ile watu wote walipokuwa wamekimbia.

Katika chumba cha pili alimkuta Béata Mukamugema, msichana mrefu wa familia ya wafugaji, akifagia.

“Kama unakuja, kitanda cha dirishani ni chako,” Béata alisema bila kuinua kichwa. “Mimi nakoroma. Walikuambia?”

“Hapana.”

“Basi nakuambia.”

Apolline alitabasamu, akatoa mkono mfukoni, na rozari yake ikamponyoka ikateleza mpaka chini ya kitanda cha Béata. Alipoinama kuiokota aliona mkeka uliokunjwa, blanketi, na mto. Akainua macho. Shuka za kitanda kile zilikuwa zimenyooka kama za kitanda cha mgeni anayesubiriwa.

“Mkeka huu ni wa nini?”

“Wa kuanikia mahindi.”

“Na mto pia unaanika mahindi?”

Béata akaacha kufagia. “Usimwambie Ma sœur Valérie. Ni ju ya kaka yangu, Landry. Tulimuzika asubuhi, mchana tukakimbia. Ngombe tuliacha, kilio tuliacha. Sasa nipande kitanda sawa mutu aliyemaliza kulia? Cheka, kama unataka kucheka.”

Apolline hakucheka. Alifungua begi lake, akavuta mkeka wake kutoka chini ya nguo, akausimamisha ukutani.

Béata aliutazama, akamtazama na yeye. “Yesu! Na weye? Mimi nilijua Wanande wanalala juu ya magunia ya maharage.”

“Na ninyi mnalala na ngombe.”

Ndipo wakacheka, mpaka machozi yakawatoka, na hayo machozi hayakuisha pamoja na kicheko.

Jioni Apolline alimwambia Sista Valérie kwamba anabaki kwa Béata. Asubuhi ya pili Sista alipita kuwaamsha kwa misa, akakuta vitanda viwili vimetandikwa na wasichana wawili wako chini.

“Vitanda vya Masista vina ubaya gani?”

Wakamweleza. Sista alikaa kwenye ukingo wa kitanda. “Na mimi nikataka kukupa upweke,” alimwambia Apolline. “Jumamosi misa itakuwa ya Henriette na Landry. Baada ya misa mutafanya yenu.”

Jumamosi walitoka kanisani, wakaketi uani, Béata akamnyoa Apolline kwa kiwembe kipya, kisha wakabadilishana. Waliosha vichwa, wakakunja mikeka. Wasichana wengine walitazama, na hakuna aliyesema neno la porini.

Papa Julien aliingia langoni akitokea Bunagana, vumbi mpaka kwenye nyusi. “Excellence! Chumba chako cha ministre kiko wapi?” Halafu akaona kichwa cha binti yake kimenyolewa.

“Tumetoa kilio cha Mama, Papa. Leo napanda kitanda.”

Mzee alisogea karibu. “Mimi kule Bunagana wakinikuta chini nawaambia watu ni mugongo,” alisema polepole. “Kwamba dokta amenikataza godoro.”

Akavua kofia, akaketi kwenye kiti alichokalia Béata akinyolewa.

“Kile kiwembe, mutoto wangu, bado kinakata?”