Maji Yaliyonyonywa Nguvu

Enzi zetu kule Majimoto, umeme ulikuwa kitu cha kusimuliwa tu. Tulisoma kwa koroboi, tukaamka na masizi puani. Siku mwalimu alipotuambia maji yanaweza kuwasha taa, darasa zima likaangua kicheko. Dada yangu Mbuke hakucheka. Alirudi nyumbani, akaikodolea macho baiskeli mbovu ya baba, akasema, "Kesho tunawasha."

Ilikuwa masika, mvua imepumzika siku mbili tatu lakini matope bado mpaka magotini, mihogo ya kuchoma mifukoni. Tukaziba mfereji wa kwenda mashambani kwa udongo na magunia, maji yakajaa nyuma yake tukawa na ziwa letu wenyewe. Tukaacha tundu moja, na chini yake tukapachika gurudumu la baiskeli ile, lenye vipande vya madebe kwenye spoku. Maji yakadondoka, yakasukuma madebe, gurudumu likazunguka na kusugua dainamo ya taa ya baiskeli. Jioni ile taa ikatoa wekundu kidogo, kama jicho la panya. Tulivyoshangilia!

Kumbe juu tumefurisha banda la kuku la jirani, na chini miche ya mpunga ya Bibi yetu inanyauka. Akaja na jembe begani.

"Nyie, maji yangu mmeyafungia nini?"

"Tunatoa umeme, Bibi," Mbuke akajibu.

"Yaani mnayanyonya nguvu, mnaniletea makapi? Mpunga wangu utasimama kwa maji legevu?"

Mbuke akakinga maji yaliyotoka kwenye gurudumu, akayanywa. "Ni yale yale, Bibi! Yanasukuma tu, yanapita."

"Haya, umeyanywa, ota basi kama mpunga, tuone!" Bibi akapiga jembe pale pale penye tundu.

Ziwa lote likaporomoka. Gurudumu likavuma, taa ikawaka nyeupe pee usoni mwake, kisha pu! ikaungua. Tukasubiri fimbo. Bibi alicheka mpaka akakaa matopeni. Miche ilipochangamka, kila mgeni aliambiwa, "Mpunga huu umenyweshwa umeme."

Siku hizi watoto wa kaka yangu pale mjini Nsemulwa wanabonyeza swichi bila kuuliza kitu. Umeme ukikatika, kilio: "Shangazi, chaji imeisha, tumekwisha!" Nawaambia umeme wa maji hauna moshi wala masizi, ila unangoja mvua, na huko chini bwawa linakomwaga maji kuna mpunga wa mtu. Wananitazama kama redio mbovu. Basi, katika giza lile namwona Bibi ameshika jembe, uso umejaa mwanga alioufungulia mwenyewe.