Muhuri Niliokalia

Niwaambie tu, maana hapa mpakani Malaba nzima inajua tayari. Mimi ni wakala wa forodha. Kutwa niko kitini, na kati ya lori moja na jingine nasoma katuni kwenye simu. Jumatatu mchoraji wa katuni hiyo aliandika kwamba amelazwa, damu imeganda mguuni kwa kukaa mezani miaka yote hiyo. Wasomaji wakamiminika, kila mmoja na maumivu yake. "Yangu ilianza na ganzi," mmoja akaandika.

Nikainuka nipunge hewa, mguu wa kulia ukakataa. Paja zima lilikuwa limekufa ganzi.

Nikampigia mke wangu. "Mama Brian, hata nikienda, watoto usiache kuwapeleka kanisani." Nilipofikishwa hospitali, alikuwa ameshafika na pasta na akina mama watano wa maombi. Walibaki nyuma ya pazia wakikemea mauti.

"Mzee, vua suruali ulale kifudifudi," daktari akasema. Nikavua. Akanikagua, kisha akaiokota suruali yangu na kuchomoa kitu kwenye mfuko wa nyuma. Muhuri wa ofisi. Sisi mawakala hatuuachi mezani, mtu asije akavusha lori kwa jina lako. Nilikuwa nimeukalia tangu asubuhi, na wino ulikuwa umepenya hadi kwenye ngozi.

Nesi aliinama juu ya alama ile ya wino akasoma kwa sauti, "Imepokelewa, Malaba."

Maombi yakakatika. Kisha nikamsikia mke wangu akiuliza polepole, "Imepokelewa na nani?"